Antibayotiki umemeza na ugonjwa uko palepale? Anzia hapa kabla hujanunua nyingine

Mie nauza dawa huku Ngamiani, Tanga, na maneno ninayoyasikia dirishani kuliko yote ni haya: "ile haikunisaidia, nipe kali zaidi." Mtu kashamaliza amoksili, akahamia sipro, akameza azuma zile tatu, saivi anataka sindano, na mkojo bado unamuunguza, au kidonda hakikauki, au mtoto bado anakohoa usiku kucha. Ukimuuliza ulipima nini, hajapima. Ukimuuliza ulimeza vipi, hakumbuki vizuri. Kaunta haina nafasi ya kueleza yote haya kwahiyo nayaandika hapa kwa kirefu, na kikubwa ninachotaka ukishike ni kimoja: dawa isipokuponya, cha kuuliza kwanza ni kwanini hii haijafanya kazi, hayo ya dawa gani ina nguvu zaidi yaje baadae sana. Sababu ziko nyingi, usugu (yaani bakteria kutosikia dawa) ni mojawapo tu, na kila sababu ina njia yake, nyingine wala haihitaji kidonge.

Ila kuna watu hawatakiwi hata kumaliza kusoma. Kama una homa kali na unatetemeka mpaka meno yanagongana, unahema haraka, mgonjwa kachanganyikiwa anaongea visivyoeleweka, shingo imekaza, mkojo umekuwa kidogo sana, unatapika kila unachomeza ikiwemo hiyo dawa, ubavu wa nyuma unauma pamoja na homa, au wekundu wa kidonda unatambaa kwa kasi na ngozi inageuka rangi, hapo hakuna cha famasi. Ita bajaji, nenda hospitali ya Bombo au kituo cha afya kilicho karibu na wewe, hata kama ni saa nane usiku. Mama mjamzito mwenye homa asisubiri. Kichanga cha chini ya miezi miwili chenye homa au kilichoacha kunyonya kisisubiri kabisa. Mtoto mkubwa kidogo anayekohoa muhesabie pumzi akiwa ametulia, dakika nzima kwa saa ya simu, wa miezi 2 mpaka 11 ukipata 50 au zaidi, wa mwaka mmoja mpaka mitano ukipata 40 au zaidi, huyo aonekane leo leo, na kama kifua kinabonyea chini ya mbavu kila akivuta pumzi basi haraka zaidi.

Na kuna hii watu wanaichanganya na ugonjwa kutopona: vipele vya ghafla mwili mzima, midomo au uso kuvimba, kupumua kwa shida, ngozi kubanduka na vidonda mdomoni na machoni (Septrin inajulikana kwa hili kwa baadhi ya watu). Hapo dawa yenyewe ndo inakudhuru. Acha kuimeza, nenda hospitali na boksi lake mkononi, na jina la hiyo dawa ulikumbuke maisha yako yote ulitaje kila unapotibiwa.

Haya, kama hauko huko, hesabu siku. Hesabu kuanzia kidonge cha kwanza, usihesabu tangu ulipoanza kuumwa. Antibayotiki sahihi kwa kawaida inaonyesha nafuu ndani ya saa 48 mpaka 72, na unachokitafuta siku ya tatu ni nafuu, kupona kabisa kunakuja baadae. Mkojo unaouma unatakiwa uwe umepungua makali siku ya pili au ya tatu. Nimonia homa inashuka siku mbili tatu lakini kikohozi kinaweza kukaa wiki kadhaa na dawa imefanya kazi yake vizuri tu. Taifodi ndo inatisha watu, homa yake hata kwa dawa sahihi inaweza kuchukua siku nne mpaka sita kushuka, kwahiyo mtu anayebadilisha dawa siku ya pili kwa sababu bado ana joto anajivurugia mwenyewe. Ngozi iliyovimba na kuwa nyekundu, mfano mguu, inaweza hata kuongezeka kidogo siku ya kwanza baada ya kuanza dawa, na hapo kuna kitu kizuri cha kufanya: chukua kalamu ya wino, chora mstari kufuata ukingo wa wekundu pote unapoishia, andika tarehe na saa pembeni palepale kwenye ngozi. Baada ya siku mbili angalia. Wekundu ukiwa ndani ya mstari unarudi nyuma, endelea na dozi. Ukiwa umevuka mstari, rudi kwa daktari, na huo mstari utamwambia mengi kuliko maelezo yako yote.

Siku tatu zimepita hamna nafuu, au ulipata nafuu kisha ikarudi. Sasa jichunguze ulivyomeza, na uwe mkweli maana hapa hakuna anayekugombeza. Kwenye kibahasha tunaandika 1x3, na watu wengi wanaisoma asubuhi mchana jioni pamoja na chakula, yaani saa moja asubuhi, saa saba mchana, saa moja usiku, halafu kuanzia hapo mpaka kesho yake asubuhi masaa 12 mwili hauna dawa na bakteria wanapumua. 1x3 ni kila baada ya masaa 8: saa moja asubuhi, saa tisa alasiri, saa tano usiku. 1x2 ni kila masaa 12, 1x4 kila masaa 6. Weka alamu ya simu, hiyo simu si unayo. Ukitapika ndani ya nusu saa baada ya kumeza kuna uwezekano mkubwa dawa imetoka, piga simu kwa aliyekuandikia au rudi uulize kama urudie.

Halafu chakula. Tanga hii maziwa ndo kwetu, chai ya maziwa asubuhi, mtindi jioni, na kuna dawa hazipatani nayo. Sipro ukiimeza na maziwa kalsiamu inaikamata tumboni na sehemu kubwa ya dawa haiingii kwenye damu, inatoka na choo. Tetrasaiklini hivyohivyo, doksi kwa kiasi. Vidonge vya madini ya chuma wanavyopewa kina mama, vya kalsiamu, na zile dawa nyeupe za kiungulia za kutafuna zenye magnesi, vyote vinafanya jambo hilohilo. Sipro imezwe na maji, masaa mawili kabla ya hivyo vitu au masaa sita baada yake. (Mjamzito asinunue sipro wala doksi kwa kujiandikia, kabisa.) Ampiklox na fluklox zenyewe zinataka tumbo tupu, saa moja kabla ya kula au masaa mawili baada ya kula. Amoksili haina shida na chakula. Haya mambo muuzaji anatakiwa akwambie, asipokwambia muulize, usione haya.

Nusu dozi ndo ugonjwa wa mji mzima. "Nipe za buku." Buku, yaani elfu moja, inampa kapsuli chache za siku moja na nusu, anapata nafuu, anaacha, wiki inayofuata imerudi, ananunua tena za buku. Naelewa hela ngumu, naelewa kabisa, lakini ukijumlisha hizo buku buku umeshapita bei ya dozi nzima na bado unaumwa. Kama hela haitoshi mwambie muuzaji wazi, mara nyingi kuna dawa ileile ya kiwanda kingine kwa bei ndogo. Na tafadhali, ile tabia ya kufungua kapsuli ya rangi mbili na kumwaga unga kwenye kidonda iache leo. Unga ule unagandana juu ya kidonda, unafunika uchafu ukabaki ndani, unaweza kukuletea aleji, na dawa haifiki kule chini waliko bakteria. Kidonda kinataka kuoshwa kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, kisha kifunikwe kwa kitambaa safi.

Dawa yenyewe nayo ikaguliwe. Joto na unyevu wa huku pwani si mchezo, kapsuli zilizokaa juu ya kabati la bati au kwenye dashibodi ya gari zinalainika na kushikana, vidonge vinabadilika rangi, hizo usimeze. Angalia tarehe ya mwisho kwenye pakiti na usome jina la kiwanda kama linaeleweka. Nunua duka la dawa lenye kibali kimebandikwa ukutani, sio kwa mtu wa begi stendi ya Kange wala mnadani. Ukishuku dawa ni bandia usiitupe, ihifadhi na boksi lake uipeleke kwa mfamasia wa hospitali au ofisi ya TMDA, maana wao ndo wenye kazi hiyo ya kudhibiti dawa nchini.

Sirapu ya mtoto ina mambo yake zaidi. Ule unga unachanganywa na maji yaliyochemshwa yakapoa, mpaka kwenye mstari wa chupa, wengine wanazidisha ili ikae siku nyingi, hapo umeshapunguza nguvu ya kila kijiko. Tikisa kila unapompa, dawa inakaa chini, usipotikisa mtoto siku za mwanzo anakunywa maji matamu na siku za mwisho anakunywa dawa nzito. Tumia kifaa kilichokuja na chupa au sirinji isiyo na sindano, kijiko cha chai cha nyumbani kila kimoja kina ukubwa wake. Sirapu nyingi za amoksili zikishachanganywa mwisho wake siku saba, na ile ya amoksili yenye klavulaniki inataka friji. Kama huna friji mwambie muuzaji kabla hajachanganya, kuna vidonge vya watoto vya amoksili vinavyoyeyuka kwenye maji na hivyo havina shida hiyo.

Tuseme umemeza vizuri na dawa ni nzima. Sasa swali linakuwa je, ugonjwa wenyewe ni wa bakteria? Antibayotiki haigusi virusi hata kidogo. Mafua, koo nyingi, kikohozi kingi cha kawaida ni virusi, mafua yanaisha ndani ya siku 7 mpaka 10 na kikohozi kinaweza kuburuza mpaka wiki tatu, umeze usimeze. Homa ya mwili mzima na maumivu ya viungo na nyuma ya macho inaweza kuwa dengue, na Tanga tunaijua, mwaka 2019 ilitupitia pamoja na Dar es Salaam. Malaria ndo usiseme. Kuna utafiti wa hospitali za huku kaskazini mashariki mwa nchi uliochapishwa 2004, waliangalia wagonjwa waliolazwa wakitibiwa malaria kali, chini ya nusu ndo walikutwa na vimelea vya malaria kwenye damu. Yaani kubahatisha homa kunakosea pande zote mbili, anayeitwa malaria sio malaria, na anayemeza antibayotiki wiki nzima kumbe ni malaria. Kipimo cha haraka cha malaria ni tone la damu na dakika 15 mpaka 20, fanya.

Hapa nataka nikae kidogo kwenye mkojo maana ndo unaoleta dada zetu wengi dirishani. "Nina UTI sugu, haiishi," yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Ukimfuatilia unakuta mara ya mwisho hakuwa na dalili yoyote, alienda kupima mgongo au uchovu, akaambiwa una wadudu wachache kwenye mkojo, akapewa dozi, akarudi kupima, wadudu bado wapo, akapewa dozi nyingine. Bakteria kwenye mkojo wa mtu asiyeumwa kukojoa, asiye na homa, asiye na maumivu ya tumbo la chini, mara nyingi hawatibiwi. Mjamzito ndo tofauti, yeye anatibiwa hata bila dalili. Wengine unakuta kinachowasha ni fangasi, na fangasi antibayotiki inawaongeza kwa sababu inaua bakteria wazuri wanaowazuia, kwahiyo kila dozi muwasho unazidi na uchafu mweupe mzito unaongezeka, anadhani UTI imekuwa sugu. Mwenye dalili hizo anataka dawa ya fangasi.

Na damu kwenye mkojo, hasa kijana au mtoto aliyekulia maeneo ya mito na mabwawa huko Muheza, Korogwe, Mkinga, tafadhali waza kichocho. Kichocho ni minyoo inayoishi kwenye mishipa ya damu kuzunguka kibofu, mayai yake yanapasua ukuta wa kibofu ndo damu inatoka mwisho wa kukojoa. Sipro haina habari nayo. Inatibiwa na prazikwanteli, na mkojo wa kukipima ni bora utolewe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana ndo mayai yanatoka kwa wingi. Kuna watu wanatibiwa UTI miaka na ni kichocho.

Taifodi nayo ina lake. Kipimo cha Widal kinachofanywa kila mahali kinaangalia kingamwili, na kingamwili zinabaki kwenye damu muda mrefu baada ya kupona, na wakati mwingine zinapanda kwa maradhi mengine. Kwahiyo kumaliza dozi halafu kwenda kupima Widal tena kuona kama "imeisha" hakukwambii kitu. Itaendelea kusoma na wewe utaendelea kumeza. Kama homa imeisha na unakula vizuri, umepona. Kama homa ipo, kinachotakiwa ni damu kuoteshwa maabara (kipimo hicho nakieleza mbele).

Kikohozi cha wiki mbili na zaidi, unapungua uzito, unatoka jasho usiku: omba kupima kifua kikuu, bure kwenye vituo vya serikali na dawa zake bure, kwa kawaida miezi sita. Usipewe sipro au levo (dawa ndugu ya sipro) wala usijinunulie ukiwa na kikohozi cha aina hiyo, zile zinawatuliza kidogo wadudu wa TB, unapata nafuu ya uongo na ugonjwa unachelewa kugundulika huku unawaambukiza wa nyumbani.

Kuna ambao ugonjwa ni wa bakteria kweli na dawa ni sahihi kabisa lakini haiwafikii. Dawa inasafiri na damu, na ndani ya usaha hakuna damu inayopita. Jipu likishaiva linataka kupasuliwa na kusafishwa na mtu mwenye vifaa safi, mara nyingi likishatolewa usaha hata dawa hazihitajiki sana. Jino lililooza na kuvimba shavu, amoksili na flajili zinatuliza wiki, linarudi, zinatuliza, linarudi, mpaka daktari wa meno aling'oe au asafishe mzizi. Mwenye mpira wa mkojo, bakteria wanajijengea utando kwenye ule mpira, bila kubadilisha mpira dawa inapoteza muda. Na kwa wale wa Deep Sea na Sahare wanaochomwa na miiba ya samaki au kujikata baharini: mwambie daktari kwamba kidonda kimetoka baharini, usiseme tu nimejikata. Bakteria wa maji ya chumvi ni wengine, baadhi hawasikii kabisa dawa tulizozizoea za vidonda, na kipande cha mwiba kikibaki ndani kidonda hakifungi hata umeze nini.

Mwili wako wenyewe pia. Kidonda cha mguu kisichopona, majipu yanayojirudia, fangasi zisizoisha, UTI za kila mwezi, pima sukari. Pima na VVU, ni bure na ni siri yako. Watu wengi wanagundua kisukari kupitia kidonda, na sukari ikiwa juu kidonda kinapona kwa shida sana.

Magonjwa ya zinaa nitasema haraka tu. Kama ulitibiwa kisonono, klamidia au trikomonasi na mwenzio hakutibiwa, umerudishiwa. Mtibiwe wote, msikutane siku saba baada ya matibabu. Na kisonono cha siku hizi sehemu nyingi kimeshaizoea sipro, kwahiyo kujinunulia sipro kwa usaha wa njia ya mkojo ni kupoteza hela, nendeni kituoni.

Sasa hilo la "kali zaidi". Jamani dawa hizi hazijapangwa kwa ngazi ya ukali, kila moja ina bakteria wake na sehemu yake ya mwili. Azuma ni nzuri kwa kazi zake lakini kwenye mkojo haikai kwa kiasi cha kutosha, sio dawa ya UTI, na huku nje watu wanaipenda kwa sababu ni vidonge vitatu tu umemaliza. Naitrofurantoini inatibu kibofu vizuri mno ila ikiwa maambukizi yamepanda kwenye figo haifai. Flajili inaua amiba na bakteria wasiopenda hewa, kwa bakteria wa kawaida wa UTI haifanyi kitu. Sindano za seftriaksoni watu wanazoziona ndo mwisho wa yote hazigusi klamidia. Kwahiyo aliyetoka amoksili akaenda azuma akaenda flajili kwa ajili ya mkojo hajapanda ngazi yoyote, katembea pembeni ya ugonjwa wake tu.

Ikibaki kuwa bakteria wenyewe ni sugu, na hilo lipo sana, kuna wanaotengeneza kimeng'enya kinachoivunja amoksili kabla haijawafikia, kuna wanaoisukuma dawa nje. Usugu huu sio wa mwili wako, ni wa hao bakteria, na wanahama kutoka mtu kwenda mtu ndani ya nyumba. Mwaka 2019 inakadiriwa watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa maambukizi ya bakteria sugu. Njia ya kuwajua ni kuotesha, wengine wanaita kalcha: maabara inachukua mkojo, usaha au damu yako, inawalea bakteria mpaka waonekane, kisha inawawekea dawa mbalimbali kuona ipi inawazuia. Dispensari nyingi hazifanyi hiki kipimo, ulizia hospitali ya mkoa au maabara kubwa, na uliza bei na bima kabla.

Sampuli ndo kila kitu. Toa kabla hujaanza dawa mpya, ukitoa huku unameza unaweza kuambiwa hakuna kilichoota na ukadhani umepona. Mkojo: nawa vizuri, wanawake wapanguse mbele kwenda nyuma, kojoa kidogo kwanza chooni, halafu wa katikati ndo ukinge kwenye kopo la maabara, usiguse ndani ya kopo, usitumie chupa ya juisi hata uioshe vipi. Ufike maabara ndani ya masaa mawili, kama haiwezekani ukae kwenye friji, maana kwenye joto la Tanga bakteria wachache wanazaliana wakawa wengi ndani ya kopo na majibu yakadanganya. Mwenye hedhi aseme. Majibu ni siku mbili tatu, damu inaweza kufika tano.

Majibu yakija utaona majina ya dawa na herufi S, I au R. R ni sugu, hiyo dawa sahau. S inasikia. I usiichague mwenyewe, inahitaji daktari aamue kiasi. Na kwenye zile S daktari anaangalia pia figo zako, ujauzito, aleji na mahali maambukizi yalipo, kwahiyo usichukue karatasi ukaja nayo dirishani kwangu kuchagua ya bei rahisi. Mpelekee aliyekuagiza kipimo.

Siku unayorudi kwa daktari nenda na mfuko wa maboksi yote uliyomeza, hata matupu, hata ya dawa za kienyeji, bila kuficha. Andika kwenye simu: nilianza tarehe gani, nilimeza mara ngapi kwa siku, niliacha lini, nilipata nafuu kidogo au sikupata kabisa. Hilo la mwisho lina uzito. Aliyepata nafuu kisha ikarudi pengine dozi ilikuwa fupi au kuna usaha umejificha au kaambukizwa upya, ambaye hakupata nafuu hata kidogo pengine ugonjwa ni mwingine kabisa. Kisha muulize maswali mawili kwa heshima: "dokta, kuna uwezekano huu ugonjwa ni mwingine?" na "naweza kuoteshwa kabla ya dawa nyingine?" Daktari mzuri hachukii haya maswali. Wakati unasubiri majibu, kama hali inaruhusu, kunywa maji, meza panadol kwa maumivu na homa, usichanganye antibayotiki mbili kwa kujipangia, na usimeze mabaki ya shemeji yako.

Ukipewa dawa kulingana na majibu, hesabu ileile ya siku mbili tatu inaanza upya. Ukipata nafuu ukamaliza siku ulizopangiwa na dalili zimeisha, mwanamke asiye mjamzito aliyekuwa na UTI ya kawaida hahitaji kupima mkojo tena. Mjamzito yeye apime tena, aoteshwe wiki moja mpaka mbili baada ya kumaliza dozi, kwa sababu UTI ikibaki inaweza kupanda kwenye figo au kuleta uchungu kabla ya wakati, na siku ya kliniki amwonyeshe nesi karatasi ya majibu ili iandikwe kwenye kadi.